Fonti za websaiti: linki ya Google, kuhosti mwenyewe au fonti za simu yenyewe? Jua kwanza site yako inaumwa nini

Mtu akikwambia "fonti zinaifanya site yangu iwe nzito" usikimbilie kumpa dawa, muulize kwanza anaona nini kwenye simu yake, maana kuna shida tatu tofauti na zote watu wanaziita hivyo hivyo. Ya kwanza, ukurasa umefunguka, picha zipo, rangi zipo, ila maandishi hakuna, peupe tu, unangoja sekunde mbili tatu ndo yanatokea. Ya pili, maandishi yanatokea fasta ila baada ya muda kidogo yanabadilika sura na ukurasa mzima unashtuka, ulikuwa unataka kugusa "Soma zaidi" unajikuta umegusa tangazo. Ya tatu, maandishi yapo na hayaruki, ila hayasomeki vizuri, yana ukungu, au herufi nene zimevimba kama mtu kazipitishia kalamu mara mbili. Dawa ya moja inaweza kuizidisha nyingine, na hapo ndo wengi wanapochanganyikiwa, mtu anaondoa peupe leo halafu wiki ijayo analalamika ukurasa unaruka.

Mi natengeneza site za wateja hapa Dar, nyingi ni WordPress, na wasomaji wao wengi wanaingia na Android za bei ya kawaida. Kuna site moja ya habari niliikabidhi nikiwa nimeridhika kabisa, ofisini kwenye fiber ilikuwa inafunguka kufumba na kufumbua, sasa siku moja nimekaa kwenye daladala natoka Posta naenda Mbagala nikaifungua kwa bando la simu, vichwa vya habari havipo. Picha ipo, chini yake peupe. Nikahesabu mpaka tatu ndo vikatokea. Niliumia kweli, maana wasomaji wa yule mteja ndo wako hivyo, kwenye daladala, kwenye foleni, wamejiunga bando la siku na kila MB wanaihesabu. Kufika nyumbani nikakuta themu inavuta faili 9 za fonti, unene wa 300, 400 (wa kawaida), 500, 600, 700 (bold) na baadhi ya italiki zake, kwa tofauti ambazo msomaji wala hazioni.

Tangu siku ile kabla sijachagua chochote napima kwanza. Fungua site kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, ingia Network, chuja zibaki Font peke yake, weka tiki kwenye Disable cache halafu punguza spidi mpaka Slow 4G au 3G kisha pakia upya. Utaona faili ngapi zinashuka, kila moja KB ngapi, na muhimu zaidi zinaanza kushuka lini. Hiyo "lini" watu wanaisahau. Brauza inasoma HTML (mifupa ya ukurasa), inashusha CSS (faili la maelekezo ya sura yake), inaona kuna maandishi ambayo yanataka ile fonti, ndo inaenda kuiomba, kwa hiyo fonti kawaida yake inachelewa kuitwa hata kabla hujaongelea ukubwa wake.

Linki ya Google dhidi ya kuhosti mwenyewe

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo tatizo la watu wengi linaanzia.

Google Fonts, maktaba ya fonti ya Google, ipo tangu 2010 na sababu ya kupendwa inaeleweka, unakopi mstari mmoja unabandika, bure, na wao wenyewe wanakukatia fonti kwa makundi ya herufi ili msomaji wa Kiswahili asishushe herufi za Kirusi na za Kigiriki. Faili zinakuja kwa WOFF2, aina ya faili la fonti ambayo inabanwa kwa njia iitwayo Brotli na ni nyepesi sana ukilinganisha na TTF, faili la fonti la kawaida la kompyuta. Yani kwa mtu ambaye hataki kugusa seva, ile linki inafanya kazi nyingi nyuma ya pazia.

Gharama yake iko kwenye safari. Ile linki inagusa domeni mbili, fonts.googleapis.com inaleta CSS na fonts.gstatic.com inaleta fonti zenyewe, na kila domeni mpya simu inabidi itafute anwani yake, iunganishe, ipatane nayo usalama, halafu ndo iombe kitu. Kwenye fiber huoni. Kwenye mtandao unaosuasua kila hatua ni kwenda na kurudi na unaanza kuhesabu. Halafu kuna kitu kinawaumiza watu kimya kimya: ile CSS ya Google inazuia ukurasa kuchorwa mpaka ifike, kwa hiyo hata kama umeweka swap (amri ya kuonyesha fonti ya kifaa kwanza, naieleza chini pamoja na wenzake), ile CSS ikikwama njiani site yako yote inakaa peupe, siyo maandishi tu. Swap inasaidia fonti ikichelewa, CSS ikichelewa haina msaada. Nimeona watu wanabadilisha swap, fallback, swap tena, siku nzima, na kosa halipo hapo kabisa.

Utasikia pia hoja ya zamani kwamba "fonti za Roboto na Open Sans kila mtu anazo tayari kwenye kashe kutoka site zingine", kashe yani hifadhi ya brauza ya vitu ilivyoshusha. Ilikuwa kweli zamani, sasa hivi si kweli. Safari waliacha kushirikisha kashe kati ya site na site miaka mingi nyuma, Chrome wakafuata toleo la 86 Oktoba 2020, Firefox toleo la 85 Januari 2021. Msomaji akitoka site ya jirani yenye Roboto ile ile akaja kwako, anaishusha upya.

Ukihosti mwenyewe, fonti inatoka domeni ile ile ambayo simu imeshaunganishwa nayo, hakuna salamu mpya. Na unapata uwezo wa kuiambia brauza mapema kwamba hii fonti utaihitaji, anza kuishusha sasa, kwa mstari huu kwenye head:

`<link rel="preload" href="/fonti/inter.woff2" as="font" type="font/woff2" crossorigin>`

Lile neno crossorigin usiliache hata kama fonti iko kwenye seva yako mwenyewe, ukiliacha brauza inaishusha mara mbili, umelipisha msomaji bando mara mbili kwa kitu kimoja. Na preload weka kwa fonti moja, zikizidi mbili, maana ukiweka sita zote zinaanza kugombania njia na picha kubwa ya juu na CSS, na unarudi kuwa mzito zaidi ya ulivyoanza.

Hasara ya kuhosti mwenyewe ni kwamba kazi aliyokuwa anakufanyia Google sasa ni yako. Nimekuta site zimepandisha TTF nzima ya mamia ya KB kama ilivyotoka kwa mbunifu wa nembo, halafu mtu anasema kuhosti mwenyewe ni kuzito. Geuza iwe WOFF2, ikate ibaki na herufi unazotumia, iwekee kashe ya mwaka mzima na ukibadilisha fonti badilisha na jina la faili. Kama seva yako ni ya bei ndogo na iko mbali bila CDN (seva za sehemu mbalimbali zinazoweka nakala za site yako karibu na msomaji), Google wanaweza kuwa karibu zaidi na msomaji wako kuliko wewe, hilo nalikubali, lakini mara nyingi ile faida ya kutofungua domeni mbili mpya inalipa.

Wa WordPress nyie mna unafuu, kuanzia toleo la 6.5 la Aprili 2024 kuna Font Library ndani yake, kwenye themu za bloku unachagua fonti ya Google na inashushwa kwenye seva yako moja kwa moja, hakuna haja ya plagini. Na kama una wasomaji Ujerumani fahamu kwamba Januari 2022 mahakama ya Munich iliamuru mwenye site amlipe mtembeleaji euro 100 kwa sababu anwani yake ya IP ilipelekwa Google kupitia ile linki bila yeye kuridhia. Ndugu zetu wenye biashara kule hii wasiichukulie poa.

Mi nachagua kuhosti mwenyewe, karibu kila mara. Linki ya Google naiacha kwa site ya muda, tukio la wiki mbili, au mteja ambaye atabadilisha fonti kila siku. Na hata hapo naomba unene wa 400 na 700 basi, naweka preconnect (mstari wa kuiambia brauza iunganishe mapema) kwa zile domeni mbili, ile ya gstatic ikiwa na crossorigin, na siweki @import ndani ya CSS hata siku moja kwa sababu ile inaongeza foleni juu ya foleni, CSS moja inasubiri kushuka ndo igundue kuna nyingine.

Na fonti za kifaa je?

Hili ndo chaguo ambalo wabunifu hawalipendi na mi nalitetea. Android ina Roboto yake, iPhone ina San Francisco, Windows ina Segoe UI, ukiandika `font-family: system-ui, sans-serif` simu inatumia ile iliyo nayo, hakuna kinachoshuka, hakuna peupe, hakuna kuruka, KB sifuri. Kwa site ya kulipia kitu, kuangalia matokeo ya mtihani, fomu ya hospitali, ratiba ya mabasi, mtu amekuja kuchukua jibu aondoke, sioni kwa nini umchelewesha kwa ajili ya umbo la herufi "a".

Unachopoteza ni sura moja kila mahali. Site ya gazeti, ya hoteli Zanzibar, ya mbunifu wa mavazi, hizo sura yake ni sehemu ya biashara, na mteja akilipia nembo anataka aione kwenye kurasa zake, ana haki. Njia ya katikati ninayoipenda sana ni fonti maalum kwenye vichwa tu na fonti ya kifaa kwenye mwili wa habari, kwa hiyo unashusha faili moja na msomaji anaanza kusoma aya papo hapo hata kabla kichwa hakijavaa nguo zake. Na kumbuka kuna wanaotumia Opera Mini kwenye hali yake ya kubana zaidi (Extreme) kuokoa bando, hao fonti yako hawaioni kabisa hata uihangaikie vipi, kwa hiyo fungua site yako humo uone kama bado inapendeza bila fonti.

swap, optional, fallback, block

Hizi ni amri za font-display na tofauti yake ni muda tu, brauza ikae kimya kwa muda gani na ikubali kubadilisha kwa muda gani. block inaficha maandishi mpaka kama sekunde 3 ikisubiri fonti, ndo ile peupe ya daladala, na usipoandika chochote brauza nyingi zinafanya hivyo hivyo. swap inaonyesha fonti ya kifaa karibu papo hapo halafu fonti yako ikifika wakati wowote, hata baada ya sekunde 10, inabadilisha. fallback inasubiri kidogo sana, kama milisekunde 100, inaonyesha ya kifaa, ikifika ndani ya sekunde kama 3 inabadilisha, ikichelewa zaidi basi kwa ukurasa huo. optional inatoa zile milisekunde 100, fonti haijafika hakuna kubadilisha, ikimaliza kushuka itabaki kwenye kashe kwa ajili ya ukurasa unaofuata.

Kila mtu anaandika swap kwa sababu vipimo vinamwambia aandike swap. Mi nasema angalia msomaji wako. Kama ni habari ndefu na mtu ameshafika aya ya tatu halafu sekunde ya nane fonti inaingia na mistari yote inahama, umemkera kuliko kama usingempa fonti yako kabisa, kwa hiyo kwenye mwili wa habari naweka optional na moyo wangu unatulia. Kwenye kichwa kikubwa cha kampuni yenye nembo yake naweka swap pamoja na preload. block sina kazi nayo, labda kwa fonti za aikoni, na hizo nazo nakushauri uachane nazo, ukihitaji aikoni 12 tumia picha 12 za SVG, siyo kushusha fonti yenye mamia ya aikoni ambayo ikichelewa watu wanaona vibox vitupu.

Kwa wanaobaki na swap, kuruka kunapungua ukiifanya fonti ya kusubiria ifanane upana na fonti yako. Fonti ya Inter kwa mfano ni pana kuliko Arial, kwa hiyo unatengeneza @font-face (tangazo la fonti ndani ya CSS) ya mbadala yenye `src: local("Arial")` na `size-adjust: 107%`, mistari inakatika karibu sehemu zile zile na fonti halisi ikiingia macho hayashtuki. Tatizo la mafundisho mengi ni kwamba yanaishia kwenye Arial na simu za Android hazina faili la Arial, zina Roboto, kwa hiyo tengeneza na nyingine ya `local("Roboto")` na upana wake uupime mwenyewe, la sivyo umeirekebisha kompyuta yako na msomaji umemwacha vile vile. Google wao wanataka alama ya kuruka, CLS, isizidi 0.1, na hii peke yake mara nyingi inatosha kukushusha.

Faili nyingi au faili moja ya kunyumbulika

Tangu 2016 kuna fonti ambazo faili moja lina unene wote, kuanzia 100 mpaka 900, wanaziita variabo. Watu wanadhani ni nyepesi siku zote. Hapana, faili moja la variabo ni kubwa kuliko faili moja la kawaida, linaanza kulipa ukiwa unatumia unene wa aina tatu au zaidi. Unatumia 400 na 700 tu? Chukua faili mbili za kawaida, tena 400 inaweza kufika kwanza watu wakaanza kusoma. Unatumia minne mitano kweli kweli? Variabo.

Ile ya ukungu

Hii haina uhusiano na spidi ila inaletwa kwangu kila mara kwa jina hilo hilo. Kama bold imevimba vibaya, mara nyingi hukupakia unene wa 700, brauza imeubandika yenyewe kwa kuinenepesha 400, na italiki hivyo hivyo inailaza tu herufi. Kagua kwenye F12, sehemu ya Computed, chini kabisa pameandikwa Rendered Fonts, itakwambia nani amechora kweli. Kama ni nyembamba mpaka haisomeki, ni ule unene wa 200 au 300 ambao kwenye Mac ya mbunifu unapendeza na kwenye skrini ya kawaida ya Windows unafifia, na ile mistari ya kulainisha herufi, `-webkit-font-smoothing`, watu wanayokopi haifanyi kitu nje ya Mac. Panda mpaka 400, imekwisha.

Kukata fonti kwa ajili ya Kiswahili

Sisi tuna bahati, lugha yetu haina herufi zenye alama za ziada juu au chini kama é na ç, kwa hiyo fonti ya Kiswahili inaweza kukatwa ikawa ndogo sana. Natumia pyftsubset, inakuja ndani ya fonttools ya Python:

`pyftsubset Fonti.ttf --unicodes="U+0020-007E,U+00A0-00FF,U+2013,U+2014,U+2018,U+2019,U+201C,U+201D,U+2026" --flavor=woff2`

Ila usikate mpaka ukabaki na herufi za kibodi peke yake, nilishafanya hivyo nikajiona nimeokoa KB, halafu kila penye ng'ombe, ng'ambo na ng'aa ile alama ya juu ilikuwa inatoka na sura ya fonti nyingine. WordPress inageuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, U+2019, na fonti yangu haikuwa nayo tena, kwa hiyo simu ikaazima kwingine. Msomaji wa kawaida hasemi kitu ila anaona kuna kitu hakijakaa sawa. Na kama ni fonti ya kununua soma leseni kabla hujaikata, zipo zisizoruhusu.

Site za misikiti na madrasa zenye aya za Kiarabu katikati ya Kiswahili, usizichanganye kwenye faili moja. Weka fonti ya Kiarabu peke yake na `unicode-range: U+0600-06FF`, hapo simu itaishusha tu kwenye kurasa ambazo kweli zina herufi hizo, ukurasa wa ratiba ya swala ulioandikwa Kiswahili kitupu hautaigusa. Ukiikata hiyo nenda polepole na umpe mtu anayesoma Kiarabu aikague kwa macho yake, kwa sababu herufi zake zinaungana na zinabadilika umbo kulingana na mahali zilipo kwenye neno, programu ya kukatia ikitupa zile kanuni za kuunganisha, maneno yanaachana herufi moja moja na hapo unakuwa umeharibu aya.